Kiti cha Tatu Karibu na Mlango

Nakuru, Jumapili, tarehe 19 Oktoba 2008. Leo nimetimiza miezi sita na siku tisa tangu nitoke nyumbani.

Dada Nekesa,

Sijui barua ya mtu aliyezikwa hupelekwa wapi. Karatasi hii nimeinunua kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi karibu na soko. Aliniuliza kama namwandikia bibi. Nikasema namwandikia dada yangu. Akasema, "Vizuri sana, msalimie." Sikuwa na moyo wa kumweleza. Basi pokea salamu zangu, na zake pia.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua. Nilikuwa darasa la sita, karibu kuacha shule, ukanikalisha jikoni nimwandikie shangazi. Nikaanza kuweka maneno makubwa ya mwalimu, ukanipiga mwiko begani. "Andika unavyosema, Wafula. Shangazi anakujua." Nitajaribu hivyo.

Huku nabeba mawe na kuchanganya zege. Baada ya mioto ya fujo za uchaguzi, Januari, maduka mengi yalibaki kuta tupu, na mwezi wa Aprili mafundi walikuwa wakitafuta watu. Tulikuja watatu kutoka kwetu. Wawili wamesharudi. Kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ninakoishi, mtaa wa Kaptembwa, majirani wakiniona nakaribia huacha lugha yao na kuingia Kiswahili. Labda ni adabu. Labda ni mwaka huu tu, kila mtu anasikiliza wewe ni mtoto wa wapi. Wananisalimia vizuri, sina neno. Lakini tangu Julai, humu kwenye ploti, sijasikia lugha yetu kwa mdomo wa mtu mwingine. Huongea nayo na sufuria, ninapopika ugali, na sufuria hainijibu.

Kuna jambo nimefanya, dada. Nakueleza lilivyoanza ndipo ujue kama unanikasirikia.

Mwezi uliopita fundi wetu, Njoroge, alipata kazi ya kujenga ukuta wa kituo kimoja cha mafunzo, nje ya mji, barabara ya kwenda Rongai. Mvua ikajaza msingi maji. Ili tusikae bure, akaniazima kwa watu wa ukumbini nipange viti kwa wiki moja. Nikafika pale na matope magotini, nikaona kofia za askari jela zimepangwa mezani. Nekesa, miguu yangu ilitaka kurudi yenyewe.

Walikuwa maafisa wa magereza, kama ishirini hivi, wametoka sehemu mbalimbali. Walikuwa wamechaguliwa wafundishwe kuchunguza kesi za askari wanaowaingilia wafungwa. Sikujua kama kitu hicho kinafundishwa. Mwalimu wao ni mama mmoja mfupi, afisa mstaafu, wote wanamwita Madam. Hapandishi sauti hata kidogo, na bado wanaume wenye vyeo mabegani huzima simu akiwaangalia.

Aliniambia nipange pembeni chumba cha mahojiano, cha mazoezi, kama vile mfungwa anahojiwa. Nikapanga ninavyojua. Meza katikati. Kiti cha mpelelezi, kiti cha mfungwa. Halafu nikaweka kiti cha tatu karibu na mlango.

Madam akakitazama. "Hiki cha nani, baba?"

Nikasema, "Cha afande anayesikiliza."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu mtu wa mjengo anajua jela kutushinda!" Wakacheka tena. Madam hakucheka. Alikishika kile kiti mgongoni, akawauliza ni nani kati yao, kwenye kituo chake, huwa anaweka kiti hicho. Kicheko kikaisha. Mikono ikapanda mmoja mmoja, mpaka ikawa karibu yote.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na kitambaa cha kufutia vumbi, na niliyekuwa nikimwona ni wewe. Ile siku nilipokutembelea, wewe ng'ambo ya waya na gauni lao la mistari, na yule askari wa kike kwenye kiti karibu na mlango. Ulianza kwa lugha yetu, haraka haraka. Ulisema, "Wafula, kuna mtu hapa wa stoo…" Askari akagonga meza kwa rungu. "Kiswahili!" Na mimi, ndugu yako, nikasema, "Dada, fuata sheria, usituletee taabu." Ukaniangalia kidogo. Kisha ukauliza kwa Kiswahili safi kama ng'ombe wa Mama amezaa.

Nikakujibu kuhusu ng'ombe. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama hujambo, una hata sabuni nzuri ya kunukia. Nilisema hivyo nikiwa na furaha.

Siku ya pili ya mafunzo walihitaji mtu wa kuwa mfungwa kwenye mazoezi, maana wakihojiana wenyewe kwa wenyewe wanacheka. Madam akaniomba. Njoroge alipopita na wilbaro akanipigia kelele dirishani, "Wafula! Leo umefungwa bila kuiba hata msumari!" Nilipewa karatasi yenye hadithi ya kubuni nikaisome. Niliisoma polepole, lakini nilipokaa kwenye kile kiti cha mfungwa ikanitoka yote.

Afisa aliyenihoji alikuwa kijana mpole tu. Akauliza, "Kwa nini hukupiga kelele?" Kisha, "Alikupa nini?" Kisha, "Sasa mbona mara ya kwanza ulisema hakuna kitu?"

Hilo la mwisho ndilo lililoniua, kwa sababu ni langu. Ni mimi niliyekuuliza.

Tulikuwa tunapukuchua mahindi nyuma ya nyumba, wiki ya pili tangu utoke. Ukanieleza yote bila kuinua macho kutoka kwenye gunzi. Afande wa stoo, mwenye sabuni na sukari na funguo. Jinsi alivyokutoa shambani akakuhamishia kwake, na wenzako wakadhani umependelewa. Jinsi Chebet, aliyelala kando yako, alivyoona damu kwenye blanketi akaenda kusema. Mpelelezi akaja kutoka mbali, akakuita ofisini. Na kwenye kiti cha mlangoni, rejista mapajani, alikuwa ameketi yuleyule afande wa stoo. Mpelelezi hakujua, au hakujali. Akauliza, "Kuna mtu anakusumbua?" Ukasema, "Hapana, afande." Faili ikafungwa hapo hapo. Chebet akaitwa mwongo, akaadhibiwa.

Nami nikasema, "Sasa mbona ulisema hapana?"

Ulisimama ukakung'uta gauni. "Usimwambie Mama," ukasema. Hukulitaja tena mpaka kifua kilipokuchukua mwezi wa Novemba. Huwa nafikiri ulikuwa umebakiza maneno mengine siku ile, na mimi ndiye niliyeyarudisha ndani.

Basi pale kwenye mazoezi nilishindwa kujibu. Nilisimama, nikakung'uta suruali kama ulivyokung'uta gauni. Kijana wa watu akaogopa, akasema, "Boss, pole, ni mazoezi tu." Madam akasimamisha kila kitu. Akawaambia mtu aliyefungwa hawezi kusema ndiyo wala hapana kwa mtu anayeshika funguo, kwa hiyo wasipoteze muda kuuliza kama alikataa. Waondoe meza. Mlango waone wenyewe kwamba hakuna masikio nyuma yake. Wamwache mtu aongee lugha inayomtoka, na wao watafute wa kuwatafsiria ambaye si wa gereza lile. Kisha waseme, "Nieleze ilivyokuwa," halafu wanyamaze. Akawafanya wanyamaze kweli, kwa saa yake ya mkononi. Dakika mbili. Wanaume wazima walihangaika kwenye viti kama watoto kanisani.

Ningekuwa nimejua kunyamaza dakika mbili tu, Nekesa. Pale kwenye mahindi.

Jioni watu walipokuwa wanakunywa chai, alinifuata nilikokuwa nikirundika viti. Hakuniuliza neno. Alichukua kiti, akakaa, akangoja. Nikarundika viti vyote, vikaisha, bado amekaa. Ndipo nikamweleza, nimesimama, nikiangalia ukuta.

Hakunidanganya. Alisema maneno ya marehemu kupitia kwa ndugu yake hayatoshi kumfunga mtu. Lakini yakiandikwa na kutiwa sahihi, yanaweza kufanya faili ya Chebet ifunguliwe tena, maana kitu ambacho Chebet hakuwa nacho ni mtu wa pili. Chebet bado yuko ndani, dada. Bado ana miaka. Na yule afande bado anashika funguo za stoo. Hata hivyo Madam akanionya. Karatasi ikianza kutembea, watu watafika kwetu kuuliza, na Mama atasikia.

Nilikaa na jambo hilo siku kumi na moja. Ulinishika mdomo kwa Mama, na mimi sijawahi kuvunja neno lako hata moja, hata lile la pombe ya chang'aa uliyoificha kwenye shimo la viazi, iliyokupeleka jela. Nilikuwa nikipanda jukwaa la mjengo na ndoo ya zege, nasikia "Usimwambie Mama." Nashuka na ndoo tupu, namwona Chebet, ambaye sijawahi kumwona sura. Sikuwa na mtu wa kumuuliza. Wa Kaptembwa nitawaambia nini? Nikajiuliza, wewe ungekuwa hai, na Chebet ndiye amekufa, ungefanya nini? Lakini hilo nalo ni kukulazimisha ujibu ninavyotaka mimi. Nikaliacha.

Jumanne iliyopita nilikwenda maneno yako yaandikwe. Madam alileta mpelelezi mwingine, mwanamke, anayejua lugha yetu. Chumba kilikuwa na viti viwili tu. Nilihesabu. Alisema, "Nieleze ilivyokuwa," akanyamaza. Nikaongea kwa lugha yetu, mara ya kwanza na mtu tangu Julai, mpaka nikasikia sauti yangu imekuwa kama ya kwetu, kama yako. Nilisema pia niliyokuambia mimi kwenye waya, na lile swali la kwenye mahindi. Sikujificha. Aliandika kurasa nne, akanisomea, nikatia sahihi.

Kwa hiyo neno lako nimelivunja, au nitalivunja. Nisamehe kama inawezekana. Sitaki Mama alisikie kutoka kwa mtu mwenye faili chini ya kwapa. Nitamwambia mwenyewe. Akilia, nitamwacha alie. Akiuliza kwa nini ulinyamaza, nitamwambia hukunyamaza, ulinyamazishwa, na mmoja wa walionyamazisha ni mimi. Naahidi pia nitamtafuta Chebet siku akitoka, nimwambie ulimtaja kwa jina lake, na hukumwita mwongo hata siku moja.

Lala, dada. Kaburi lako najua limeota nyasi. Nakuja na mifuko miwili ya simenti, nilijengee kwa mikono hii, siku hizi imejua kazi.

Ukuta wa kituo unaisha mwisho wa Novemba. Natoka Nakuru Ijumaa alfajiri, na Jumamosi tarehe sita Desemba nitakuwa nimeketi na Mama nyuma ya nyumba, kwenye mahindi. Nitamweleza kwa lugha yetu, polepole, na hakuna mtu atakayegonga meza.

Ndugu yako,
Wafula