Zabibu za Babu Yako

Rukia, mke mwenzangu,

Amani iwe nawe huko Cape. Sisi hapa Durban wazima. Saluni haimpi mama yako nafasi hata ya kukaa, na goti langu na ngazi za fleti bado havijapatana.

Umeniuliza kama ni vibaya kwenda na wenzako wa chuo kutembea kwenye ile njia ya mlimani, inayopita katikati ya mashamba ya mizabibu. Ngoja nikwambie. Tulipokuwa vijana, babu yako alinipeleka huko huko. Nikagoma getini. Nilijua ni shamba la mvinyo, nikaamini nguo yangu ikigusa yale majani itaingia najisi, sitaweza kuswali.

Akacheka. "Mwanamke wee, hili si tunda tu?"

Akapanda peke yake. Nilibaki juu ya jiwe, nimekusanya baibui magotini, naitazama kofia yake nyeupe ikipotelea kwenye mizabibu.

Alirudi na kishada cha zabibu alichopewa na wavunaji, akaninyooshea. Nikageuza uso. Alizila mwenyewe ndani ya basi, na hakunialika tena matembezi.

Juzi msikitini ustadhi alitueleza habari za Pepo, akataja na mizabibu iliyomo. Nikajifunika uso kwa mtandio, wenzangu wasinione.

Nenda, mama. Mvinyo waachie wenyewe. Lakini anayekupenda akikunyooshea zabibu, usimwache na mkono hewani.

Bibi yako