Kisima cha Fundi Sururu

3 Machi

Mwanangu,

Shikamoo yako najua iko njiani, basi marahaba naitanguliza. Sisi wazima, ila goti langu la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Kaka yako mzima, wifi yako mzima, na Kibogoyo wao ametimiza miezi saba. Jino hana hata moja, lakini kelele anazo za mtu mwenye meno thelathini na mawili.

Sasa nisikilize. Kisima kimekamilika. Fundi Sururu amekichimba kwa mikono yake miezi minne na nusu, akakijengea ukuta wa saruji na kukiwekea pampu. Na amekichimba wapi? Mbele ya mlango wake! Mimi nilimwonyesha pale karibu na geti letu, akanijibu mbele ya kamati nzima: "Mama, hapo utachimba mpaka uwasalimie marehemu, maji hutayaona." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Leo mimi, mwenyekiti wa akina mama, nasimama uani kwake na ndoo kama mwombaji.

Na maji yenyewe yana ladha. Nikisema, wananiambia nina kijicho. Wewe si uko maabara ya maji? Nimempa dereva wa lori la nafaka chupa ya maji hayo. Pima, unijibu upesi.

Mimi mama yako

11 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila vidole vimechubuka kwa sabuni, maana hapa kazi yangu kubwa bado ni kuosha vyombo. Hilo liishie kwako. Huko waache waamini napima.

Lakini safari hii nimepima kweli. Mkuu wangu alipotoka kwenda kula, nikafuata hatua zote kama ninavyomwona akifanya kila siku. Nikarudia mara mbili. Mama, maji yale hayafai. Yana chumvi ile itokayo kwenye mbolea na vinyesi, mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Mtu mzima anaweza asione kitu, lakini mtoto mchanga damu yake inashindwa kubeba hewa, anageuka buluu midomoni. Na kuchemsha hakusaidii, kunazidisha.

Kibogoyo asionjeshwe hata tone. Waambie kamati leo leo. Waambie ni mimi niliyepima.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu, jicho langu,

Marahaba. Goti limepoa lenyewe, sijui kwa furaha.

Barua yako nimeisoma mkutanoni, nimesimama juu ya benchi. Nilipofika kwenye "mara sita" nikairudia, iwaingie. Sururu akainuka, akasema, "Mama, mimi na mke wangu tunayanywa tangu siku ya kwanza. Niyanywe tena hapa muone?" Akajaza kikombe akakimaliza chote. Watu wakamzomea. Mmoja akamwambia, "Wewe huna mtoto, utajali nini wa wenzako!" Hilo lilimchoma, nilimwona. Akaweka kikombe chini akaondoka.

Mkono wa pampu umefungwa mnyororo na kufuli, na ufunguo ninao mimi. Asubuhi yake Sururu alikuta mlango wake umepakwa matope na vitu vibaya kuliko matope. Ametundika sururu begani amekwenda kutafuta vibarua mbali. Mkewe amebaki.

Sisi tumerudi bwawani. Ni mwendo, lakini tumeshazoea. Na leo, kwa mara ya kwanza tangu baba yako atutoke, njia nzima imenisalimia.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Goti je? Kibogoyo je?

Barua yako imeninyima raha. Bwawani ng'ombe wanaingia mpaka tumboni, na wanayoyafanya humo unayajua. Maji yale lazima yachemshwe mpaka yatokote, hasa ya mtoto. Mwambie wifi. Mwambie kila mtu, panda tena juu ya benchi.

Na Sururu hakustahili matope, Mama. Chumvi hakuiweka yeye.

Dereva atakupa chupa ya maabara, safi kabisa. Ijaze maji ya kisima, ifunge, unirudishie. Nataka kupima tena, nilale usingizi.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Kibogoyo tumemzika Jumanne. Alihara siku tatu. Siku ya tatu hakulia tena, alikuwa anatuangalia tu, macho yameingia ndani kama ya mzee. Kaka yako alimbeba kukimbia zahanati, akarudi naye bado kambeba. Ni mtoto wa nne tangu mvua zianze.

Wifi yako anaapa kwamba alikuwa anachemsha. Nimemwambia mbele ya waombolezaji kwamba kama angechemsha, tusingekuwa na msiba. Toka siku hiyo hasemi na mtu.

Chupa yako iko kabatini. Ya kazi gani tena?

Mama yako

15 Juni

Mama,

Shikamoo. Poleni. Nimeandika neno hilo na kulifuta mara nyingi, halitoshi. Nilikuwa nimemnunulia kofia ya sufu. Iko hapa mezani, sijui niifanye nini.

Umemtwisha wifi mzigo mkubwa. Akina mama wengine watatu nao hawakuchemsha?

Mama, nina swali moja, unijibu kweli tupu. Ile chupa ya kwanza, uliyompa dereva mwezi wa tatu, ilikuwa chupa ya nini? Ilitoka wapi?

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Watu wana msiba, wewe unauliza chupa.

Ilikuwa chupa tu. Niliitoa stoo ya kaka yako, kwenye zile anazokorogea mbolea ya bustani yake ya mboga. Niliisuuza vizuri, mara mbili. Chini kulibaki chembe nyeupe kidogo zimegandamana, hazikutoka hata kwa kijiti, nikaona zitayeyuka zenyewe huko njiani. Sasa hiyo ina nini?

Wifi yako amerudi kwao kupumzika. Kaka yako anakula kwangu.

Mama yako

24 Julai

Mama,

Shikamoo.

Nilipopata barua yako nilikaa sakafuni kati ya ndoo zangu, mkuu akadhani nimeanguka. Sikumwambia kitu. Nikamwandikia muuguzi wa zahanati, nikamtumia chupa nyingine ya maabara. Aliniambia alipokuja kuomba ufunguo ulimjibu umepotea, kwa hiyo mlinzi wa zahanati akakata mnyororo kwa msumeno. Maji yalifika Alhamisi, na mkuu ameyapima mwenyewe.

Ni safi, Mama. Ni mazuri kuliko haya ya bomba tunayokunywa ofisini. Ile chumvi ilikuwa ya kwenye chupa, na mimi ninayeosha chupa tangu asubuhi hadi jioni sikukuuliza umeweka maji kwenye nini. Niliona sifa mbele yangu, nikaikimbilia.

Cheti ninacho. Waambie watu. Anza na wifi. Kisha mtafuteni Sururu popote alipo, mumwombe radhi. Usipowaambia, nitaiandikia kamati.

Mwanao

2 Agosti

Mwanangu,

Hutaiandikia kamati.

Huyo unayetaka tumwombe radhi, machimbo ya mchanga yamemfukia wiki tatu zilizopita. Alipata kibarua huko, ukingo ukamwangukia. Wameleta viatu vyake na sururu. Tumwombe nani radhi?

Na watoto wanne, mama zao wapo. Nitawaambia nini? Kwamba maji mazuri tuliyafungia mnyororo, ufunguo ukiwa kifuani kwangu, kwa sababu ya chembe za mbolea? Watatuchomea nyumba, na hawatauliza ni nani aliyejaza chupa na ni nani aliyepima.

Tena nikwambie jambo, kwa kuwa umependa ukweli. Siku moja kabla hajaanza kuhara, wifi yako alikwenda kupalilia, Kibogoyo akabaki kwangu. Alikuwa analia kiu. Kuni zilikuwa mbichi, goti linaniuma. Nilimnywesha kikombe kidogo bila kuyachemsha, kama nilivyowanywesha ninyi wote mkakua. Ni mimi. Kaka yako akilijua hili, hatabaki na mama wala dada.

Na wewe, umemwambia mkuu wako kwamba ulipima kwa kificho?

Barua zako zote nimezitia motoni jikoni. Na hii itie.

Mama yako

19 Agosti

Mama,

Shikamoo.

Mkuu aliniuliza kama kuna mtu aliwahi kukipima kisima hicho kabla. Nilimwambia hapana. Mdomo ulijibu kabla yangu. Kwa hiyo huna haja ya kunitisha tena, nimeshakuwa upande wako.

Lakini watu hawawezi kuendelea kunywa bwawa. Nakutumia cheti. Kinasema tu maji ni salama, hakisemi zaidi. Waambie kisima kimepumzika, mvua imekisafisha, chumvi imeshuka. Waambie ofisi imethibitisha. Wayanywe, Mama, hilo tu ndilo ninalokuomba. Mengine nimeshindwa.

Sina hamu ya kula.

Mwanao

14 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na hongera. Mbona kimya hivyo? Mwezi wa pili huu, hata salamu kwa dereva hakuna. Sisi wazima kabisa. Hakuna mtoto aliyehara tangu tufungue pampu.

Nilikisoma cheti juu ya benchi lile lile. Watu walipiga vigelegele. Wanasema mtoto wa mwenyekiti amekitibu kisima kwa dawa za mjini. Sikuwabishia. Wamepaka ukuta chokaa na kuandika jina lako kwa rangi ya buluu, kubwa, mtu analisoma akiwa barabarani. Pale Sururu alipokuwa amechora herufi zake kwenye saruji mbichi wamepaziba, ukuta uwe sawa.

Mjane wake alikuja kwangu. Alipiga magoti, akanishukuru kwamba umesafisha kosa la mumewe, kwamba sasa anaweza kuchota bila kutukanwa. Nikamwinua nikampa kiti. Ungetaka nifanye nini?

Wifi yako alirudi mwezi wa nane, sasa ana mimba ya miezi miwili. Anapita kisimani asubuhi kabla ya wote, anajaza ndoo moja, na bado anayachemsha, dakika nyingi kuliko inavyohitajika. Wiki iliyopita aliniletea kikombe, akasimama hapo mlangoni akisubiri nimalize. Halafu akaniuliza, "Mama, maji haya mwaka huu mwanzoni yangemfaa mwanangu?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, yangemuua upesi zaidi.

Akashukuru, akachukua kikombe. Tangu siku hiyo anaongea, na juzi hata amecheka kidogo na kaka yako. Utakapokuja wakati wa kujifungua kwake, atakuuliza na wewe, maana anasema wewe ndiye unayejua. Umjibu hivyo hivyo, na umwangalie usoni unapomjibu.

Mimi mama yako