Siku Niliyokataa Kutoa Vidonge vya Ouma

Mjukuu wangu Akinyi,

Sisi wa hapa mtaani Jericho tu wazima. Shangazi yako amejifungua salama. Umeniuliza kama kuendelea kumeza dawa zako za skizofrenia ni kukosa imani. La, na usimpe mtu dawa hizo azitupe.

Katika miaka ya tisini, kaka yangu Ouma alisikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia. Vidonge vilizinyamazisha, ingawa vilimtetemesha mikono. Wanamaombi wa kanisa letu wakaja nyumbani.

"Dada, lete vidonge tuvitupe. Jumapili atoe ushuhuda kwamba amepona."

"Sivitoi."

"Huna imani!" kiongozi wao akafoka.

"Basi tangulia wewe, mama. Vua miwani hiyo, uitupe, kisha utusomee Zaburi."

Ouma akacheka, akameza kidonge chake mbele yao. Jumapili aliketi mstari wa mbele kanisani, mikono ikitetemeka, akaimba kuwashinda wote.

Nyanya yako,
Perpetua