Termosi Tatu Nyekundu

Jumamosi, 7 Machi

Tumekufa tena. Mimi kwanza, mdogo wangu Cikuru nyuma yangu, mbele kabisa ya mlango wa kutokea. Termosi mbili zilikuwa kwenye begi langu. Zimeenda. Ndiyo sheria ya mchezo huu: unaingia katika mji uliohamwa, unaokota vitu, na usipotoka mzima, ulichobeba ni cha aliyekuua. Mpishi wa kwenye maficho yetu anataka termosi tatu nyekundu. Asipozipata hafungui chumba cha nyuma. Ni picha tu huyo mpishi, nyuma ya kaunta, hana hata miguu. Lakini mdogo wangu anamwogopa kuliko maprofesa wake.

Cikuru anasema kosa ni langu, nakimbia kama mtu aliyechelewa misa. Kweli. Yeye ana miaka ishirini, yuko Kampala kwa masomo tangu mji wetu ulipobadilisha watawala. Mimi nina thelathini na nne, nafundisha Kifaransa, na nilijifunza kupiga bunduki kwa sababu moja tu: kwenye simu alikuwa hasemi kitu. "Niko bien", yuko salama, basi. Ndani ya mchezo anaongea. Ameniambia habari za msichana, za chumba chake, za siku alizolala njaa.

Mama alipita na beseni. "Bado munauana?" Nikamwambia tunatafuta termosi. Akasema kama ni termosi tu, yake iko, tuichukue tuache kusumbua watu.

Jumatatu, 9 Machi

Mama amekufa.

Asubuhi. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani aende soko la Nyawera kwenye meza yake ya vitenge. Akaketi kitandani, akasema kichwa. Jirani alileta gari. Hakufika hospitali.

Nimeandika ili nione kama ni kweli. Bado haionekani kweli.

Jumanne, 10 Machi

Wakubwa wameketi sebuleni. Tonton Deo, kaka yake mama, ndiye aliyeamua: Cikuru asiambiwe kwa simu. Mtu hapewi kifo cha mama yake akiwa peke yake ugenini, ndani ya chumba cha kupanga. Aende mtu, aketi pembeni yake, ndipo amwambie. Ndivyo tunavyofanya kwetu na sikupinga. Binti mmoja wa hapa mtaani Muhumba aliambiwa kwa simu akiwa Lubumbashi. Alitoka mbio, akaingia barabarani, gari likamgonga.

Atakwenda tonton mwenyewe, akipata karatasi ya kuvuka mpaka. Mazishi hayatangoja. Cikuru atayakosa.

Hakuna kuweka picha kwenye status. Binamu mmoja alikuwa ameshaweka mshumaa. Tonton alimfuata hadi jikoni, akasimama hapo mpaka ukafutwa.

Na mimi nina kazi yangu. "Weye muchezeshe tu," tonton aliniambia. "Akiwa mu ile mambo yenu, haangalie telefone." Ni kweli, haangalii.

Uongo wenyewe ni huu: mama ameenda Luberizi kwa dada yake, kuona mpunga, na huko network hakuna. Tonton ndiye aliyechagua Luberizi. Nimemchukia kwa hilo. Mahali pote duniani, yeye achague barabara ambayo watu wanaiogopa kwa ajili ya vita! Cikuru aliuliza papo hapo: "Na ile route iko muzuri?" Nikasema iko muzuri.

Jumatano, 11 Machi

Tonton amerudishwa mpakani. Karatasi bado.

Umeme ulikuja jioni. Viti vya parokia vimejaa uani, wamama wanaimba. Nimejifungia chumba cha nyuma, dirisha nimefunga, godoro nimelisimamisha mlangoni. Maikrofoni nafungua nikitaka kusema, nafunga nikimaliza. Cikuru anacheka, eti naongea kama askari kwenye redio. Nikacheka naye. Sijui nilikitoa wapi kile kicheko.

Tumepata termosi ya kwanza na tumetoka nayo. Alipiga kelele kama mtoto.

Katikati ya hayo jirani mmoja alisukuma mlango, anitafute tusali rozari. Akanikuta na vifaa masikioni, naua watu. Akaurudisha mlango polepole. Kesho watu watasema, na watakuwa na haki. Msiba uani, binti wa marehemu yuko vitani.

Alhamisi, 12 Machi

Tumemzika.

Jioni tumepata termosi ya pili. Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 13 Machi

Tonton amevuka alfajiri. Atafika Kampala kesho. Nilijiambia: vumilia jioni hii moja tu.

Cikuru alikuwa na furaha mbaya. Furaha iliyoniumiza, nataka kusema. Termosi ya mwisho tuliikuta katika nyumba iliyoungua, jikoni, juu ya kabati. Akacheka, nani anaficha termosi juu ya kabati? Nikamjibu bila kufikiri:

"Si vile mama alikuwaka anaficha yake?"

Alikuwaka. Hivyo husemwa mtu ambaye hayupo tena; nilipaswa kusema anafichaka. Mimi ninayefundisha watoto nyakati za vitenzi, mimi ninayekata alama kwa kosa dogo kuliko hili. Mama yangu nimemuua mara ya pili kwa kitenzi.

Nilifunga maikrofoni, nikafungua, nikafunga. Mwishowe akasema, "Tuende." Tangu Jumamosi ile yeye ndiye anayetangulia. Leo alinifuata nyuma. Watu wawili walitutokea karibu na mlango, akawaua wote bila neno, yeye ambaye akimpiga mtu hutangaza mpaka kesho yake. Tukatoka. Tukampa mpishi termosi zake tatu. Muziki ukalia, mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Mna kitanda, meza na taa. Hicho tu ndicho tulichokuwa tunakifia wiki zote hizi. Tukasimama humo, watu wetu wawili wa mchezo, wenye bunduki, wakitazamana.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake. "Tangu siku gani?"

"Lundi," nikasema, Jumatatu ile.

"Mulishamuzika?"

"Ndiyo. Jana."

"Na jana tulicheza."

Nikasikia analia, kilio cha mtu anayejiziba mdomo majirani wasisikie. Hivyo ndivyo tulivyoapa asilie, peke yake. Nikamwambia tonton yuko njiani. Nikamwambia asitoke nje. Usitoke nje, Cikuru, usitoke, kaa kitandani. Nililisema hilo mpaka umeme ukakatika.

Simu yake inaita. Hapokei.

Jumamosi, 14 Machi

Hapokei. Tonton naye hapatikani, ataipata wapi laini akiwa ndani ya basi. Binti wa Lubumbashi haniondoki machoni. Mama mmoja aliniletea uji, nikaumwaga nje alipogeuka. Sikumweleza yeyote kilichotokea. Wangeniuliza niliteleza vipi, na jibu ni herufi chache tu.

Nimewakasirikia wote. Tonton kwa amri zake. Cikuru kwa masikio yake makali. Mama kwa kwenda siku ya Jumatatu, mtu ana safari ya soko. Halafu nikajikasirikia mimi.

Jioni, ujumbe wa tonton: "Niko naye."

Niliketi chini jikoni nikalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu siku ile, mpaka wamama wakaja wakanishika. Walidhani ni kwa ajili ya mama. Ilikuwa ni kwa ajili ya mama pia.

Jumapili, 15 Machi

Cikuru hataki kuongea nami. Tonton anasema nimpe muda, alimkuta ameketi mlangoni amevaa viatu, hajui alitaka kwenda wapi. Anakula kidogo.

Ana haki ya kunikasirikia. Inaniuma vilevile.

Jumatano, 18 Machi

Nimerudi shuleni. Watoto wameketi kimya kama wageni, hata wale watundu. Ningependa wapige kelele.

Mchana Cikuru amepiga. Hakusalimia.

"Nielezee, yaya. Yote. Kuanzia asubuhi."

Nikatoka darasani nikasimama ukutani, nikamweleza. Kitambaa cha bluu tulichomvika. Wanawake wa Nyawera waliofunga meza zao wakaja wote, wakagombana nani asimame karibu na jeneza. Padri aliyekohoa katikati ya sala. Nani walibeba, nani aliteleza kwenye tope. Akauliza kama mvua ilinyesha. Nikasema ilinyesha tulipokuwa tunarudi. Alinyamaza kila mahali ambapo mtu aliyekuwepo angenyamaza. Nyuma yake nilimsikia tonton anakoroma, mchana kweupe.

Kisha akauliza: "Na udongo yangu, nani alitupa?"

Kila mtoto hutupa mkono mmoja wa udongo kaburini. Ningeweza kusema mimi nilitupa mara mbili. Ilikuwa tayari mdomoni, na angeamini, na ingemsaidia. Lakini kudanganya kumenichosha.

"Hakuna mutu," nikamwambia. "Nilitupa yangu tu. Yako ingali kule."

Nilidhani amekata.

"Basi, nitakuja kuitupa," akasema.

Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado.