Kompyuta Inataka Mmiliki Mmoja

Doris, nakuandikia haraka. Nimejifungia stoo ya ofisi ya ushirika hapa Basotu, niko na laptop tu.

Leo tulikuwa tunasajili ng'ombe. Yonas akaleta wale aliopewa na mzee Gidahosh awatunze, anywe maziwa. Si unajua kwetu, ng'ombe analala kwako lakini si wako. Kompyuta haijui hayo! Ina nafasi ya mmiliki mmoja tu. Nikaandika Yonas. Doris, NIKAANDIKA YONAS.

Gidahosh akaja, shikamoo yangu hata hakuitikia. "Umempa huyu ng'ombe wangu?"

Yonas akacheka. "Mzee, mashine imeshasema."

Imeshasema!! Fimbo ikatua kichwani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akampiga tena akiwa chini, damu ikarukia mpaka kwenye kioo cha laptop. Wamemkimbiza hospitali Katesh, hajitambui.

Sasa mzee amekaa nje ya mlango na fimbo yake. Anasema sitoki mpaka niandike jina lake.

Nimejaribu. Mfumo unasema jina halibadiliki mpaka mmiliki aliyesajiliwa aje aweke kidole.

Yaani Yonas.

Anagonga tena. "Binti, bado?"