Mtungi Uliopita Ukaguzi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Jikoni kunanuka gesi tena. Nimeupaka mpira wa gesi povu la sabuni kama Musitafa, muuza gesi wa mjini Kasese, alivyonifundisha. Viputo vikatoka palepale unapoingia kwenye jiko. Nilimwita aje kuubadilisha – langoni askari wakamrudisha. Vyombo vya kambini ni mali ya jeshi, fundi wa nje hagusi. Lakini Jumatano kuna ukaguzi wa gesi. Nitawaonyesha.

Jumanne, 4 Machi
Kambi nzima inasugua mitungi! Jirani yangu Vasta wake ameupaka rangi, kutu haionekani. Wanajeshi ukiwaambia ukaguzi, wanang'arisha. Mimi wangu nimeuacha hivyohivyo. Waone.

Jumatano, 5 Machi
Hawakuingia ndani. Amri: kila mke atoe mtungi, aupange mstarini uwanjani. Mtungi tu – mipira ikabaki jikoni. Sajenti Tumukunde akapita na fimbo yake, akasimama kwangu. "Muke ya Olanya, hii ni aibu. Pangusa."
Nikasema, afande, mpira unavuja.
"Mupira sijaitisha."
Nikaupangusa mtungi kwa leso yangu, mbele ya wote. Akaubandika stika ya kijani. Nimepita.

Alhamisi, 6 Machi
Stoo, kuomba mpira mpya. Karani akafungua daftari: nyumba namba kumi na nne, salama, na sahihi ya kamanda pembeni. Aliye salama hapewi kitu. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nasema kamanda aliyetia sahihi ni mwongo. Nikarudi mikono mitupu. Vasta naye ameanza kunikwepa. Nimechoka.

Ijumaa, 7 Machi
Nilipika nje kwa makaa. Saa nne asubuhi ikaja amri – moshi marufuku, nyumba zina gesi iliyokaguliwa.

Jumamosi, 8 Machi
Olanya amerudi kutoka zamu ya mpakani Bwera. Nimemweleza mume wangu yote huku akivua buti. Anasema nikizidi kulalamika ataadhibiwa yeye, na cheo anachokingojea atapewa mwingine. "Gesi yote inanuka. Wewe pika tu."
Nimefungua mtungi – harufu ikajaa kabla sijagusa kiberiti. Nimeufunga. Mtoto nimembeba mgongoni, mlango na dirisha wazi, nimekaa kizingitini naandika. Naogopa. Harufu bado ipo. Kiberiti nimekitia kifuani, mume wangu asikione.
Olanya ameuliza mara ya pili chai iko wapi.