Kura Tatu kwa Mbili, na Posa ya Nesrin

Mpendwa Bi Mualla,

Naja kwako nikiwa na haki yangu yote mkononi, ninachoomba ni wewe uitamke tu kwa maandishi ili mke wangu aisome, maana safu yako gazetini haimpiti hata siku moja. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia hapa Eskişehir, na tangu ile kura ya maoni ya kubadilisha katiba sijatulia, kwa sababu nilipiga Hapana na wenzetu wa Ndiyo wakapita kwa asilimia hamsini na moja dhidi ya arobaini na tisa, na mimi nasema huwezi kung'oa msingi wa nyumba ya watu wote kwa tofauti ya unywele, kwa hiyo kila jioni nasimama dirishani na majirani zangu tunapiga sufuria kwa miiko mpaka mtaa unavuma, na hilo silijutii hata chembe.

Sasa binti yangu Nesrin amepata mchumba, Korhan, fundi wa treni, na Jumamosi wazazi wake walikuja kumposa, na maua yao na chokoleti kwenye bakuli la fedha. Nesrin akapika kahawa, ya kijana akaitia chumvi kama wasichana wetu wanavyompima mwanamume, naye akainywa mpaka masimbi ya chini ya kikombe bila kukunja uso, nikasema moyoni huyu ndiye. Basi baba yake, Bwana Vehbi, akakohoa, akaweka mikono magotini ili atamke maneno ya posa, na hapo hapo sufuria zikaanza kulia nje.

Akacheka. "Hee, hawa nao bado? Si wameshindwa, jamani?"

Nikamwambia, "Nusu ya nchi haishindwi, bwana mkubwa. Inazidiwa kidogo tu."

"Hata kwa kura moja, ushindi ni ushindi. Aliyeshindwa anywe chai yake akalale."

Bi Mualla, damu ilinichemka, nikaenda jikoni nikachukua sufuria yangu, nikaipiga pale pale sebuleni mbele ya wageni, na wageni wakavaa viatu wakaondoka bila posa kutamkwa.

Nesrin akaanza kulia. Lakini mimi si dikteta nyumbani kwangu, nikasema tupige kura kama watu wastaarabu, tumkubali Korhan au la, vikaratasi tukavitia kwenye bakuli la sukari, mimi, mke wangu Saadet, mama yangu mzazi, mwanangu Alper na Nesrin mwenyewe. Nikahesabu mbele ya wote: watatu tumekataa, wawili wamekubali. Nikamwambia binti yangu kwa upole, hata kwa kura moja, mwanangu, ushindi ni ushindi. Badala ya kunielewa, sasa kila nikitoka dirishani jioni, Saadet na Nesrin wananisubiri koridoni na vikaango, wanapiga, na Saadet anapaza sauti, "Matokeo haya hatuyatambui, Cevdet!" Juzi hata mama yangu nimemkuta anagonga kijiko kwenye gilasi ya chai. Chokoleti ziko juu ya kabati, hakuna anayethubutu kuzila wala kuzirudisha. Waambie, Bi Mualla, kwamba demokrasia haiendeshwi kwa vikaango.

Baba wa Msimamo, Eskişehir

Mwalimu wangu,

Umetaka niseme Saadet asikie. Haya, Saadet, njoo na miwani yako, usome kwa sauti.

Kwanza, mwalimu, nikupe haki yako, maana unayo. Kura ikishahesabiwa, mdomo wa aliyezidiwa haufungwi, na anayeshinda kwa unywele anatakiwa atembee polepole kama mtu aliyebeba sinia lililojaa gilasi. Bwana Vehbi alikosa adabu kucheka nyumbani kwa mtu, tena siku ya posa. Piga sufuria yako dirishani mpaka itoboke, sikukatazi.

Lakini wewe, mtu mzima na nywele zako nyeupe! Yale maneno yaliyokuchemsha damu, ulikaa nayo muda gani kabla hujamgeuzia mwanao? Hukungoja hata kahawa ya wageni ipoe. Nyani haoni kundule, mwalimu. Nchi ni ya wote, ndiyo maana wote tunaipigia kura. Maisha ya Nesrin si ya Alper, wala si ya bibi, na hilo bakuli halikuwa na kazi pale. Ungemuuliza yeye, mkamaliza.

Tena hesabu zako zimeshapitwa na wakati. Mama yako na kijiko chake ameshahama, hujamwona? Leo ukirudia kura, umeshindwa wewe, tatu kwa mbili. Utanyamaza ukalale?

Korhan hakusema neno la siasa. Alikunywa chumvi akatulia. Hujaniambia hata yeye mwenyewe alipiga kura gani, na naona hukumuuliza.

Sasa sikiliza. Kesho, usingoje wiki, vaa koti lako la mwalimu uende kwa Bwana Vehbi wewe mwenyewe, usimtume Saadet. Mwambie: "Juu ya katiba tutabishana mpaka kaburini, lakini sufuria nilikosea kuipigia sebuleni. Karibuni tena." Bishaneni kwenye mkahawa, bishaneni kwenye harusi ukipenda, watoto wenu watawazoea. Wakija, sufuria ikilia nje, funga dirisha kwa robo saa, nchi haitaanguka. Mwache mwenzako atamke maneno yake, umgeukie Nesrin, umuulize yeye, kisha ukae kimya usikie jibu.

Na wewe Nesrin, siku hiyo kahawa ya Korhan itie sukari, yeye ameshafaulu. Chumvi yote weka kwenye kikombe cha baba yako. Mwalimu, unywe mpaka masimbi, na usikunje uso.

Bi Mualla